Umeme Waweza Kuongeza Kumbukumbu?

Siku moja, kisha masomo ya jioni, kijana mmoja wa filozofia alitufikia akishika simu mkononi. Alitaka tuangalie picha ya ukanda wa kufunga kichwani, wenye vidude viwili vya kugusa ngozi ya paji la uso. Maandiko ya chini ya picha yalisema kwamba ukanda ule hupeleka umeme kidogo ndani ya ubongo, na kwamba mwenye kuuvaa kila siku atashika masomo kuliko wenzake. Kijana huyu si mvivu. Twamjua: ni wa kwanza kufungua kitabu na wa mwisho kukifunga, lakini mtihani ukifika mambo humtoka kichwani kama maji katika kikapo. Ndugu zake walikuwa tayari kuchanga pesa, na pesa zenyewe hazikuwa kidogo. Akatuuliza: «Padri, ni kweli ao ni uwongo?»

Hatukutaka kumjibu haraka. Jambo hili lina historia ndefu, na tulipoifuata ilitufundisha kuliko tulivyotazamia. Twaiandika hapa kwa sababu tunadhani kijana huyu si wa pekee. Mapadri wazee wanaoanza kusahau majina ya wakristu wao, na wakatekista wetu wenye kubeba mengi kichwani pasipo karatasi, nao waweza kuonyeshwa picha kama ile.

Wanadamu walijua nguvu ya umeme mbele ya kuipa jina. Wavuvi wa mito yetu na wa ziwa Tanganyika wanamjua yule samaki asiye na magamba ambaye ukimshika hukutetemesha mkono mpaka begani. Yuko katika Nili vilevile, na Wamisri wa kale walimchonga katika ukuta wa kaburi la bwana mmoja aitwaye Ti, kule Saqqara, zaidi ya miaka 2000 mbele ya Kristu. Bahari ya Mediteranea ina samaki wake mwingine, aliye bapa, mwenye nguvu ya namna ile ile. Kunako mwaka 47, mganga wa Roma jina lake Scribonius Largus aliandika kwamba mtu aliyeumwa kichwa siku nyingi awekewe samaki yule, akiwa hai, juu ya fasi inayouma, mpaka fasi ile ife ganzi. Hiyo ilikuwa dawa ya maumivu tu. Habari ya kuongeza akili ilikuja nyuma sana.

Tuiruke miaka 1700. Katika mwaka wa 1745 na 1746 wenye elimu wa Ujerumani na wa Uholanzi walivumbua chupa yenye kuweka akiba ya umeme. Iliitwa chupa ya Leiden, kwa jina la mji ule wa Uholanzi. Mtu akiigusa, umeme wote unampiga mara moja. Katika Ufaransa aliyeshughulika sana na chupa ile alikuwa Jean-Antoine Nollet, mtu wa Kanisa: alipata ushemasi, asiendelee mpaka upadri, na watu wote walimwita Abbé Nollet. Mwaka wa 1746, mbele ya mfalme Louis XV, aliwapanga askari 180 wakishikana mikono, akaachilia umeme ndani yao. Wote waliruka juu pamoja. Kisha akafanya vile vile kwa wamonaki Wakartuzi wa Paris, kama 200, waliounganishwa kwa nyuzi za chuma. Wamonaki nao waliruka, na jiji zima likacheka. Twakiri kwamba hatuwezi kusoma habari hii pasipo kucheka sisi wenyewe, tukiwafikiri watawa wale wa kimya.

Lakini Nollet hakuwa mtu wa michezo tu, na sababu ya kumtaja hapa ni nyingine. Mwaka ule ule wa 1746 alijaribu kuwaponya askari waliopooza kwa kuwapitishia umeme, asipate faida aliyoitumaini. Wakati huo barua zilifika kutoka Italia zikitangaza maajabu: kule waganga walitia dawa ndani ya bomba la kioo, wakalisugua mpaka litoe umeme, na nguvu ya dawa ikapita katika kioo ikaingia katika mgonjwa, akapona saa ile ile! Wengine waliamini, wengine walicheka. Nollet hakuamini wala hakucheka, alifunga mizigo. Mwaka wa 1749 alivuka milima mpaka Turin, Bologna na Venice, akawaendea wenye kutangaza maajabu mmoja mmoja, akawaomba waonyeshe tena mbele ya macho yake yale waliyoyaandika. Hawakuweza. Watu waliopewa umeme na dawa kwa namna ile, alipowachunguza, walikuwa vile walivyokuwa. Inatupendeza kwamba mtu mwenye kanzu ndiye aliyesafiri miezi mizima kwa kutafuta jambo moja tu: je, lililotokea mara moja laweza kutokea mara ya pili?

Ngambo ya bahari, katika Pennsylvania ya Marekani, mtu mwingine alipata swali lile lile kwa njia nyingine. Benjamin Franklin alikuwa amejulikana po pote kwa elimu yake ya umeme, basi watu waliopooza wakaletwa kwake kutoka pande zote. Aliwapiga umeme katika kiungo kigonjwa mara kadhaa kwa siku. Mwaka wa 1757 alimwandikia rafiki yake, mganga John Pringle wa London, namna mambo yalivyokwenda. Siku za kwanza mgonjwa alisikia joto. Mkono ulianza kuinuka kidogo, kesho yake kidogo zaidi, na watu wa nyumba walifurahi. Siku ya tano maendeleo yakakoma. Mgonjwa akaona hapati nyongeza, akakata tamaa, akarudi kwao, na baada ya muda alikuwa kama zamani. Franklin alisema wazi kwamba hakuona hata mmoja aliyepata faida ya kudumu. Kisha akaongeza neno ambalo, kwetu sisi, ndilo kiini cha historia hii yote: hakujua hata faida ile ya siku chache ilitoka wapi. Labda ilitoka kwa umeme. Labda ilitoka kwa safari, maana mgonjwa aliyelala miezi alilazimika kujitikisa njiani. Labda ilitoka kwa tumaini lenyewe, ambalo lilimtia moyo wa kujikaza.

Miaka 27 kisha, alipokuwa mzee, Franklin alipata nafasi ya kulitenganisha tumaini na dawa. Mwaka wa 1784 mfalme wa Ufaransa alimweka, pamoja na Lavoisier na wengine, kuchunguza kazi ya mganga Mesmer, aliyesema kwamba anaponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo katika viumbe. Katika bustani ya Franklin kule Passy, mwanafunzi wa Mesmer «aliutia nguvu» mti mmoja. Kijana wa miaka 12 akafungwa macho, akaongozwa kwenye miti mingine ambayo haikuguswa na mtu. Penye mti wa nne alianguka akazimia, naye alikuwa mbali na ule uliotiwa nguvu! Kitambaa kile cha kufunga macho kimekuwa tangu siku ile chombo cha elimu, sawa na mizani na saa. Tutakikuta tena mbele.

Mwaka mmoja nyuma yake, yaani 1783, Franklin alikuwa amepokea barua kutoka kwa Jan Ingenhousz, Mholanzi, mganga wa nyumba ya kifalme ya Vienna. Mtu huyu alikuwa amepigwa na chupa ya Leiden kichwani kwa bahati mbaya. Alianguka, alipoamka alipotewa na kumbukumbu na ufahamu, hata kuandika kulimshinda, akaogopa kwamba amekuwa mpumbavu kwa maisha yake yote. Akalala. Asubuhi aliamka akaona akili yake imerudi, tena ina mwanga kuliko mbele. Mambo magumu ya kazi yake yakawa mepesi, naye akajaa furaha. Ingenhousz alishauri umeme wa kichwani ujaribiwe kwa wenye wazimu. Ndiyo mara ya kwanza, kadiri tujuavyo, mtu mwenye elimu kusema kwamba umeme uliopita katika fuvu ulimwondolea kumbukumbu kisha ukamrudishia akili yenye ukali zaidi. Je, ulikuwa umeme kweli? Mtu aliyedhani amekuwa mpumbavu, akaamka mzima, lazima aone ulimwengu una mwanga! Ingenhousz alikuwa mmoja tu, na mwenye kujipima alikuwa yeye mwenyewe.

Ya karne iliyofuata tutayapita upesi. Luigi Galvani wa Bologna alionyesha mwaka wa 1791 kwamba umeme hukunja miguu ya chura aliyekufa. Volta akatengeneza mwaka wa 1800 chombo chenye kutoa umeme mpole usiokatika, babu wa pili zetu za redio. Mpwa wa Galvani, Giovanni Aldini, alishika chombo cha Volta akakigusisha kwanza kichwani mwake mwenyewe. Alipata siku kadhaa za kukosa usingizi. Kisha, mwaka wa 1801, akamtibu mkulima mmoja wa miaka 27 aliyeshikwa na huzuni nzito, akaandika kwamba alipona. Twamsifu Aldini kwa kuanzia kichwa chake.

Wengine walianzia kichwa cha maskini. Mwaka wa 1870 Fritsch na Hitzig wa Berlin waliligusa kwa umeme tabaka la juu la ubongo wa mbwa, wakaona kwamba kila fasi ina kiungo chake: hapa mguu wa mbele, pale shingo. Mwaka wa 1874, katika Cincinnati ya Marekani, mganga Roberts Bartholow alipokea mtumishi wa nyumba aitwaye Mary Rafferty. Kidonda cha kansa kilikuwa kimekula fuvu lake, hata ubongo ukaonekana. Bartholow alitia sindano ndani ya ubongo ule akapitisha umeme. Alipouongeza, mama yule alilia, akashikwa na kifafa. Baada ya siku chache alikufa. Bartholow aliandika kwamba mgonjwa alikubali. Waganga wenzake walimlaumu, hata akalazimika kuonyesha masikitiko yake hadharani.

Jambo hili lagusa Kanisa kwa karibu. Mwezi wa Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII alisema na waganga waliokutanika Roma kwa mkutano wao wa kwanza wa ulimwengu juu ya magonjwa ya mishipa ya fahamu na ya ubongo. Aliwapimia sababu tatu ambazo mganga hutoa akitaka kumjaribu mtu: maendeleo ya elimu, faida ya mgonjwa, faida ya watu wote. Zote ni njema, lakini hakuna hata moja isiyo na mpaka. Mgonjwa mwenyewe si bwana kamili wa mwili na wa akili yake, bali ni mtunzaji. Basi hawezi kumpa mganga ruhusa ya kuviharibu kwa majaribio. Maneno haya yalisemwa wakati ambapo waganga wa inchi nyingi walikuwa bado wanakata sehemu ya mbele ya ubongo wa wagonjwa wa akili, kwa namna aliyoianza Mreno Egas Moniz mwaka wa 1935.

Na sehemu ile ya mbele ndiyo tunayoitafuta. Hapa sherti tueleze ni kumbukumbu gani inayosemwa. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alistaajabia ukubwa wa kumbukumbu, ambamo mtu anaweka maisha yake yote. Lakini iko kumbukumbu nyingine, ndogo, isiyo ya akiba. Mwanaseminari anasoma sentensi ndefu ya Kilatini: jina limekuja mwanzoni, kitendo kitakuja mwishoni, na katikati kuna maneno kumi na mawili. Akiliacha jina lianguke mbele ya kufika kwenye kitendo, hana maana yo yote mkononi, hata ikiwa ayajua maneno yote. Katekista ameambiwa namba ya wimbo na namba ya zaburi, anazishika zote mbili huku akifungua kurasa na kumjibu mtoto anayemwuliza neno. Hiyo wenye elimu waiita kumbukumbu ya kazi. Jina hilo walilitia Miller, Galanter na Pribram katika kitabu cha mwaka 1960. Baddeley na Hitch wa Uingereza wakaeleza vizuri namna yake mwaka wa 1974. Ni kama meza ndogo ya fundi: ghala yake yaweza kuwa kubwa, lakini mezani havikai vyombo vingi kwa mara moja. Miller alikuwa amehesabu vitu saba hivi mwaka wa 1956. Wa siku hizi wasema ni vinne.

Tangu miaka ya 1930 ilijulikana meza hiyo iko upande gani. Jacobsen, katika chuo kikuu cha Yale, aliwaonyesha nyani chakula kikifichwa chini ya kikombe kimoja kati ya viwili, akashusha pazia kwa sekunde kadhaa, akalipandisha. Nyani mzima alikwenda pale pale. Aliyeondolewa sehemu ya mbele ya ubongo alikuwa amekwisha kusahau. Mwaka wa 1971 Fuster na Alexander walisikiliza chembe za ubongo wa nyani mahali pale, wakakuta nyingine zinazoendelea kutoa ishara wakati wote ambapo pazia liko chini, kama mtu anayejirudia neno moyoni ili asilipoteze.

Lilibaki swali la kupafikia pasipo kupasua fuvu. Kweli, umeme ulikuwa umekwisha kupita katika fuvu bila kisu: mwaka wa 1938, katika Roma, Cerletti na Bini walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa umeme mkali wenye kuleta kifafa. Matibabu yale bado yapo, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na huwasaidia wenye huzuni kubwa ambao dawa nyingine zimewashinda. Lakini wengi husahau mambo ya siku zile, na wengine ya mbele yake. Umeme mkali, basi, ulijulikana kwa kuondoa kumbukumbu kuliko kuiongeza.

Njia ya upole ilikuja mwaka wa 1985, kule Sheffield katika Uingereza. Anthony Barker na wenzake walishika koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme ndani yake kwa mpigo mfupi sana. Koili ikawa sumaku, sumaku ikapita katika mfupa pasipo kuumiza, ikaamsha umeme kidogo ndani ya ubongo, na kidole cha mtu kikatikisika bila yeye kutaka. Mwaka wa 1994 Pascual-Leone na Hallett waliielekeza sumaku ya namna hiyo kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, kwa mtu anayeshika jambo akilini kama nyani wa Jacobsen. Mtu akaanza kukosa. Tuone vizuri: jambo la kwanza lililothibitishwa na chombo kipya lilikuwa kuivuruga kumbukumbu ya kazi, si kuikuza.

Kisha wakarudi kwenye umeme mpole wa Aldini. Mwaka wa 2000 Nitsche na Paulus, katika Göttingen ya Ujerumani, waliweka sponji mbili zenye maji ya chumvi juu ya kichwa, wakapitisha umeme wa miliampere moja kwa dakika chache. Umeme mdogo hivi hauzilazimishi chembe za ubongo kutoa ishara. Wenye kupiga ngoma watatuelewa: ukiileta ngozi karibu na moto, moto hauipigi ngoma, lakini ngozi inakaza, na pigo dogo latosha kuifanya ilie. Chini ya sponji moja chembe zinakuwa tayari zaidi, chini ya ile nyingine zinalegea. Katika ubongo wa kuendesha mkono walipima mabadiliko mpaka asilimia 40, yakadumu dakika kadhaa baada ya umeme kukatwa.

Miaka mitano kisha, Fregni na wenzake walifanya vile vile juu ya paji la kushoto la watu 15, kwa dakika 10. Watu wale walitazama herufi zikipita moja moja, nao walipaswa kubonyeza wakiona herufi iliyo sawa na ile ya tatu nyuma yake. Wasomaji wajaribu na rafiki. Kisha dakika mbili jasho litatoka. Chini ya umeme wa kweli watu walijibu vizuri zaidi kuliko chini ya umeme wa uwongo. Habari ikaenea upesi ulimwenguni. Haikuenea sana habari nyingine ya mwaka ule ule wa 2005: Marshall na wenzake wa Lübeck walitia umeme pande zote mbili za paji, wakakuta watu wao wamekuwa wazito kujibu.

Tumetaja umeme wa uwongo. Ndicho kitambaa cha Passy katika nguo mpya. Umeme wa kweli unawasha ngozi kidogo mwanzoni, kisha ngozi inazoea. Basi kwa kundi la pili chombo huwashwa sekunde kama 30, ngozi inasikia mwasho, halafu kinazimwa kimya kimya. Mtu anakaa na sponji zake kichwani, anatumaini kama wengine. Faida ya umeme ni ile tu inayozidi faida ya kundi hilo.

Na hapo ndipo penye taabu. Majaribio yakafika mamia. Kila moja lilikuwa la watu wachache, kila mmoja alibadilisha nguvu, dakika, fasi ya sponji, namna ya mtihani. Mwaka wa 2014 Brunoni na Vanderhasselt walijumlisha majaribio ya sehemu ile ya mbele: sumaku ilionekana kusaidia usahihi na wepesi pia, lakini umeme mpole uliongeza wepesi wa kujibu tu, si usahihi. Mwaka uliofuata Horvath na wenzake wa Australia walijumlisha kwa namna yao majaribio ya umeme wa kikao kimoja, wasipate faida yo yote ya kutegemewa kwa watu wazima wa afya. Wengine wakawapinga kwamba wamechanganya mbegu zisizofanana katika gunia moja. Mabishano hayo hayajaisha.

Tena kuna fuvu. Mwaka wa 2018 wenye elimu wa Hungaria na wa Marekani walitangaza vipimo walivyofanya katika maiti za watu, kwa vyombo vilivyowekwa ndani ya ubongo. Karibu asilimia 75 ya umeme ulipotea katika ngozi, nyama na mfupa mbele ya kufika ndani. Ni kama kumwita mtu aliye ndani ya nyumba ya matofali, milango imefungwa: sauti nyingi hubaki nje.

Tusiwe hata hivyo kama wale waliomcheka Pivati wa Venice pasipo kwenda kuangalia. Katika Boston, Reinhart na Nguyen walifikiri kwamba wazee husahau kwa sababu sehemu mbili za ubongo, ile ya mbele na ile ya pembeni, zimeacha kwenda pamoja, kama waimbaji wa pande mbili za kanisa wasiosikilizana tena. Mwaka wa 2019 walitangaza kwamba waliwapa wazee 42 wa miaka 60 mpaka 76 umeme wenye kupanda na kushuka, kwa mwendo waliopimiwa kila mmoja, dakika 25. Katika mtihani wa kumbukumbu ya kazi wazee wakajibu kama vijana wa miaka ishirini na kitu, na faida ikadumu dakika 50 za kipimo. Mwaka wa 2022 kikundi kile kiliwachukua watu wa miaka 65 mpaka 88, dakika 20 kwa siku nne. Waliosikilizwa maneno 20 waliyakumbuka vizuri zaidi kuliko wa umeme wa uwongo, hata mwezi mmoja baadaye. Kati yao waliokuwa dhaifu mwanzoni ndio waliofaidika zaidi. Sisi twaliona neno hili kuwa la heshima, na tunangojea kuona kama wengine, katika miji mingine, watapata vile vile. Swali la Nollet halina haraka.

Lakini ile haikuwa kazi ya ukanda wa kununua. Walikuwa na vipimo vya kila kichwa, waganga karibu, siku zenye hesabu. Kwa wenye kujifungia pili na waya nyumbani, wenye elimu wa kazi hii hii waliandika barua ya wazi mwaka wa 2016. Walionya kwamba mtu hajui umeme wake unafika wapi. Kwamba watu wawili chini ya umeme mmoja waweza kupata matokeo mbalimbali. Kwamba ngozi yaweza kuungua. Na kwamba faida ya upande mmoja yaweza kulipwa kwa hasara ya upande mwingine. Hili la mwisho si maneno matupu. Mwaka wa 2013 Iuculano na Cohen Kadosh wa Oxford waliwafundisha watu alama mpya za hesabu chini ya umeme. Kundi moja lilijifunza upesi zaidi, lakini lilikuwa dhaifu katika kuyatumia yale liliyojifunza pasipo kufikiri. Kundi lingine, sponji zikiwa fasi nyingine, likawa kinyume chake.

Tulimwita kijana wetu, tukamweleza haya kwa muda wa jioni mbili. Hakuuliza mengi juu ya fuvu wala juu ya sumaku. Tulipofika kwenye wale wa umeme wa uwongo, akatusimamisha.

«Wale waliowekewa sponji tupu, Padri. Wao pia waliendelea kidogo katika mtihani?»

Tukamwambia kwamba mara nyingi ndiyo, maana waliufanya mtihani mara ya pili na ya tatu, nao walijikaza.

Akafikiri kidogo, akairudisha simu mfukoni, akatuomba tumsikilize sentensi kumi za Kilatini kila siku mbele ya chakula cha jioni. Tulianza Jumatatu. Siku ya kwanza alifikisha tatu.